Salamu Mbili Zilizobaki Konya

Istanbul, 9 Februari 1987

Kwa babu yangu Vasfi, mwenye nyumba ya mlango wa kijani, Konya.

Shikamoo babu. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, kifua hakikubani, na lile jiko la makaa halijaanza tena kutapika moshi sebuleni. Mimi sijambo. Tatizo langu ni moja tu, nimekuwa mzuri wa sura kupita kiasi.

Kabla hujaendelea, tazama kadi niliyotia ndani ya bahasha. Usiseme humjui huyo. Huyo mwenye sketi nyeupe iliyofunguka kama mwavuli, kofia ndefu ya sufu, shingo imelala begani, ndiye Tahsin, yule uliyesema anazunguka kama ndama aliyekanyaga kaa la moto. Kadi hii inauzwa kila kona huku Sirkeci. Watalii wanainunua, wanalamba stempu, wanaituma kwao. Mimi nimefika Japani, babu! Wewe umefika wapi? Umefika Karaman, na ulirudi ukilalamika kuhusu supu.

Nazunguka mzunguko wetu wa kidarwishi katika ukumbi wa chakula wa Bwana Rifki. Kuna taa za buluu, kuna mashine ya kutoa moshi (moshi mzuri, si kama wa jiko lako), na muziki unatoka kwenye kaseti, hakuna mpiga filimbi wa kununa. Nikianza, uma zinanyamaza. Si zote, lakini nyingi. Wewe ulikuwa unasema mambo yetu yanakufa. Yanakufa wapi? Mimi nimeyafufua nikayatia na umeme.

Haya, nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Majira mawili ya baridi yamepita sijakuandikia, na wewe unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyenifundisha: mwanafunzi akitoka darasani akakuta viatu vyake vimegeuzwa, pua zinatazama barabarani, ajue mwalimu amemwacha. Haulizi, haagi, haombi. Anavaa, anakwenda. Mimi nilitoka sebuleni kwako nikavikuta viatu vyangu vinatazama barabara. Nikavaa, nikaenda. Kwa hiyo sema utakalo, lakini usiseme Tahsin hana adabu.

Sikuandiki ili kuomba. Nimetaka tu uone kadi.

Mjukuu wako,
Tahsin (wa Japani)


Konya, 1 Machi 1987

Mjukuu wangu Tahsin,

Marahaba. Barua yako imefika. Sevim, mke wa ami yako Fikret, alinisomea kwa kupiga kelele sikioni, mpaka mtaa mzima umejua kwamba wewe ni mzuri wa sura. Walishangaa. Baadaye nikaisoma mwenyewe kwa miwani, polepole, mlango nimeufunga.

Kifua ni kizima. Magoti yanalalamika lakini yanafanya kazi. Masikio ndiyo yananiaga. La kushoto limeshaondoka, la kulia linafunga virago. Kwa hiyo usije ukapiga simu pale kwa muuza mikate. Nitashika chombo nitasema “eeh, eeh,” kama mtu anayezungumza na kisima. Andika.

Kadi nimeitazama. Kiganja cha kulia hutazama juu kikapokea, cha kushoto hutazama chini kikatoa. Wewe vyote viwili umevielekeza juu. Ndiyo Istanbul hiyo.

Sasa viatu. Viatu gani, mwanangu? Mimi sijagusa viatu vyako maishani mwangu, vilikuwa vinanuka. Nilimwita Fikret, nikamwita Sevim, tukakaa kukumbuka. Sevim akashika mdomo. Siku ile alikuwa na wiki moja tu katika nyumba hii, bibi harusi kutoka Izmir. Kwao mgeni akiingia, mwenye nyumba huvigeuza viatu vyake ili akitoka aingize mguu bila taabu. Ni heshima. Akaona viatu vya wanafunzi vimejaa mlangoni, akavigeuza vyote, hata vyangu. Wenzako walipotoka walicheka, wakanitania kwamba nimefukuzwa nyumbani kwangu. Wewe ulitoka wa kwanza, umevimba, hukutazama kulia wala kushoto. Ungetazama hata jozi moja ya jirani, Tahsin. Hata moja.

Mimi nami nikadhani umekimbia kwa sababu asubuhi ile nilikuchapa goti ulipokosea kuingia salamu ya tatu ya wimbo wetu. Na adabu yetu unaijua: aliyeondoka hafuatwi. Wewe hukuuliza, mimi sikukufuata. Tumekuwa na adabu sana, mjukuu wangu. Adabu imetumaliza.

Sikiliza. Wenzako wametawanyika. Mmoja anauza televisheni, mwingine yuko na kundi la serikali linalozunguka kila Desemba kwenye uwanja wa michezo, wanaimba nyimbo zilizoandikwa vitabuni. Ni nyimbo nzuri, sizitukani. Lakini wimbo wetu haumo humo. Mwalimu wangu aliupokea kabla serikali haijazipiga kufuli nyumba za madarwishi, akanipa mimi kwa siri, goti kwa goti, mapazia yameshushwa. Una salamu nne, sehemu nne zinazofuatana. Wewe unazo mbili. Za tatu na nne ninazo mimi peke yangu chini ya jua.

Kila asubuhi, kabla ya chai, nauimba wote usije ukanitoka. Sijisikii ninavyoimba, lakini koo linajua njia, kama punda ajuavyo njia ya kinuni. Njoo kabla punda hajachoka.

Babu yako,
Vasfi


Istanbul, 20 Machi 1987

Babu yangu, shikamoo tena, na tena, na ile ya miaka miwili niliyokudhulumu.

Natumai masikio yamepata nafuu. Mimi nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka Bwana Rifki akaniuliza, “Umekunywa nini wewe mtoto, na umekitoa wapi?” Kisha nikaenda bafuni nikaingiza kichwa chini ya bomba, nikakaa humo muda mrefu. Maji ya Istanbul yana chumvi siku hizi.

Mwambie Sevim nimemsamehe. Mwambie pia kwamba serikali nzima na kufuli zake haikuweza kuivunja nyumba yetu, lakini yeye amefanya kazi hiyo kwa adabu na mikono miwili, kabla hajamaliza kufungua masanduku. Hapana, usimwambie hilo. Atalia. Mwambie nataka bamia zake kavu.

Babu, nakuja. Wallahi nakuja, ila si leo. Bwana Rifki amealikwa apeleke kundi Ujerumani mwezi wa Septemba, mji wa Köln. Köln babu! Baba na mama wako hapo hapo, kiwandani. Mama nilimwona mara ya mwisho sina hata ndevu. Sasa ninazo, chache lakini zina msimamo. Nikiondoka kabla ya hapo, Bwana Rifki atamweka mwingine kwenye orodha ya pasipoti, na mama ataendelea kunitumia soksi za mtoto wa miaka kumi. Nikirudi tu kutoka Köln napanda basi la Konya na jasho langu la Kijerumani.

Mpaka wakati huo nina wazo moja, na usikasirike. Ami Fikret ana redio ya kaseti. Akae nayo mbele yako, abonyeze kile kitufe chekundu, wewe imba salamu zote nne. Nitumie. Mimi nitajifunza huku huku, nikija nitakuwa nimeshakomaa, wewe kazi yako itakuwa kunichapa goti tu kwa furaha.

Na kile kiganja cha kushoto nimekishusha. Bwana Rifki anasema sasa naonekana kama mtu aliyeangusha kitu.

Mjukuu wako,
Tahsin


Konya, 12 Aprili 1987

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Theluji imeisha, tope limeanza, Sevim ana mimba na anakula malimao kama tufaha.

Nilikasirika. Nilimwambia Fikret, kaseti haina magoti, nani atapokea? Mwalimu wangu alikaa mbele yangu karibu hivi, pumzi yake ya kitunguu usoni pangu, mkono wake juu ya goti langu, akapiga mapigo kwanza bila neno, mpaka mguu wangu ukajua. Neno lilikuja baadaye. Sasa niimbie kijisanduku?

Halafu nikawaza umri wangu, nikawaza Septemba. Nikakaa. Fikret akabonyeza. Nimeimba salamu zote nne, moja baada ya nyingine, huku napiga magoti yangu mwenyewe. Utasikia mahali Sevim ameweka gilasi ya chai, msamehe. Nilipomaliza nilimtazama Fikret usoni. Alikuwa anatabasamu, lakini Fikret ni fundi wa mabomba, hutabasamu hata bomba likipasuka.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu wewe una sikio. Mzembe, mjivuni, lakini sikio unalo, nilikupa mimi. Niambie kweli: imetoka? Mimi sikusikia hata mstari mmoja. Kama imetoka, nitalala. Kama haikutoka, niambie nirudie, na nirudie tena, maadamu bado ninao kooni.

Kaseti nimeizungushia bamia kavu zilizotungwa kwenye uzi, isivunjike njiani. Bamia ni za Sevim. Usizile mbichi.

Babu yako,
Vasfi


Istanbul, 25 Aprili 1987
(Hii sikuituma.)

Babu, shikamoo. Kaseti imefika nzima.

Nimeisikiliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimeegemea mlango ili wasiingie. Nilianza na salamu ya kwanza kwa sababu ile naijua kama jina langu. Babu, siyo. Mstari wa pili tu sauti imeteleza, ikashuka, ikatafuta njia ya kurudi haikuipata, ikaendelea hivyo hivyo kama mtu anayetembea na mkono ukutani kwenye nyumba isiyo yake. Salamu ya pili ndiyo siitambui kabisa. Sasa hizo mbili ninazozijua zimepotea hivi, za tatu na nne ambazo sizijui nitazishika kwa kitu gani? Nikijifunza hivi nitakuwa nimejifunza uziwi wako.

Magoti peke yake ndiyo hayakukosea. Pa, pa, kimya, pa. Mwanzo mpaka mwisho. Sauti imezama lakini magoti yanapiga tu, kama watu wanaogonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Umeniuliza imetoka. Nikikwambia haikutoka utarudia. Utarudia mara ngapi? Masikio hayarudi. Kila ukirudia nitakuandikia haikutoka, na wewe utakaa mbele ya kijisanduku cha Fikret ukitafuta kosa usiloweza kulisikia. Wewe, uliyekuwa ukiinua kidole mtu akikosea chumba cha pili na mlango umefungwa.

Sijui babu. Mimi nilitoroka shule darasa la sita, haya mambo yanataka mtu aliyemaliza.


Istanbul, 26 Aprili 1987

Babu yangu, shikamoo!

Natumai u mzima na malimao yamebaki mjini. Mimi mzima, nimeshiba, bamia nimekula mbichi.

Kaseti imetoka, babu. Imetoka safi kama maji ya kijito cha Meram. Niliisikiliza nikasema, huyu mzee anajifanya kiziwi ili asitumwe dukani. Salamu ya tatu ilinisimamisha nywele, na unajua nywele zangu zinatunzwa kwa mafuta ya gharama. Gilasi ya Sevim nayo imeingia kwenye pigo lake kabisa, mpe kazi.

Usirudie. Pumzika. Nami nikija vuli tutakaa goti kwa goti, utanisahihisha vitu vidogo vidogo, basi.

Mjukuu wako mwenye sikio,
Tahsin


Konya, 15 Mei 1987

Tahsin, roho yangu,

Marahaba, na zaidi ya marahaba. Sevim alinisomea sebuleni, kisha nikamnyang'anya. Nimeikunja barua yako nikaiweka ndani ya kofia yangu ya sufu.

Sikukwambia, lakini nilikuwa na hofu mbaya. Mwalimu wangu alinipa kitu kikiwa kizima, na kila siku nilijiona nitakuja kuulizwa, Vasfi, kiko wapi? Nikawa siendi kwa wagonjwa, siendi harusi za mbali, nisije nikakosa asubuhi moja ya kuimba. Hata alipokufa bibi yako, asubuhi yake niliimba kwanza ndipo nikawafungulia watu mlango. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Nilikuwa nimebeba maji kwenye viganja, ningefanyaje?

Sasa maji hayo yamo kwenye chombo. Tangu barua yako ije nimeacha kuimba asubuhi. Najua utacheka: nakunywa chai ikiwa ya moto! Sikujua kwamba chai yetu ni nzuri hivi. Nakaa dirishani, natazama watu wakipita kimya, kwa sababu kwangu sasa watu wote hupita kimya, na moyo wangu hautafuti kitu.

Nenda Köln bila haraka. Mwone mama yako. Mwambie baba yako asiniletee tena chokoleti zenye pombe ndani, ananiaibisha mbele ya imamu. Kama kuna kazi nyingine huko, kaa. Nilichokuwa nakuitia tayari unacho.

Babu yako aliyepumzika,
Vasfi


Istanbul, 24 Mei 1987

Babu, shikamoo.

Usiache kuimba! Nakuomba. Anza tena kesho, anza leo ukiisoma hii. Imba salamu ya tatu na ya nne kila asubuhi kama zamani, chai ipoe tu, nitakununulia chai gari zima. Kaseti si kitu cha kuaminiwa, babu. Redio huzila. Jua huzipinda. Ya Bwana Rifki ililiwa juzi katikati ya mzunguko, nikabaki nazunguka kwa sauti ya sahani.

Köln nimeiacha. Jina langu limekatwa, ameandikwa kijana wa Bursa mwenye masikio kama milango ya teksi. Bwana Rifki ananishikilia mpaka amfundishe huyo kusimama, kisha ananiachia. Nakuja. Wewe imba tu. Mpige Fikret akikucheka.

Tahsin


Konya, 6 Juni 1987

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mbona umeandika kama mtu anayekimbizwa na mbwa? Sisi wazima. Sevim amevimba miguu.

Nimefanya ulivyotaka. Asubuhi ya kwanza nilikaa mahali pangu, nikapiga magoti, nikaanza. Salamu ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja, naona. Nilipofika mlango wa ya tatu, koo lilisimama. Nikarudi mwanzo, nikaja tena kwa kasi, kama mtu anayeruka mtaro, likasimama pale pale. Kesho yake vivyo hivyo. Magoti yanaendelea peke yake mpaka mwisho wa salamu ya nne, nayatazama yakipiga, lakini juu yake hakuna kitu. Yule punda, Tahsin, nilimfungua nikamwambia pumzika. Alipumzika kweli.

Fikret aliogopa aliponiona nimekaa hivyo. Nikamwambia, unaogopa nini wewe fundi bomba? Ungekuwa mwezi wa Machi ningejitupa kisimani. Sasa sina wasiwasi. Kitu kikishahamia nyumba nyingine, ya zamani hubaki tupu, ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu wangu naye alisahau, baada ya kunipa. Sikuwahi kukwambia.

Nina ombi moja. Ukija usiniletee kaseti. Kaa mbele yangu, goti kwa goti, uniimbie salamu zote nne. Sitasikia, najua. Nitaweka mkono gotini kwako nitazame mdomo wako. Nikiona zile mbili za mwisho zinapita kinywani mwa mtu aliye hai, basi. Hapo nitakuwa nimemaliza kila kitu.

Mwenye kukungoja,
Babu yako Vasfi


Istanbul, 14 Juni 1987

Babu yangu, shikamoo.

Natumai u mzima, na miguu ya Sevim imepungua. Mimi mzima. Bwana Rifki ameniachia. Ijumaa nitakuwa mlangoni, mpike supu ya bamia ile yenye ndimu, na mkate wa nyama mrefu kuliko meza.

Nimeshaushika wote, babu. Salamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Huku wananisifu sana. Nitakaa mbele yako karibu kabisa, pumzi ya kitunguu nitakuja nayo mwenyewe. Wewe weka mkono gotini, tazama mdomo wangu. Nitaimba mpaka mwisho, sitasimama popote.

Utaona magoti hayakosei.

Viatu nitavivua mwenyewe na kuvipanga mwenyewe, pua zikitazama ndani. Mwambie Sevim asiviguse.

Mjukuu wako,
Tahsin